Banjo, Fidla na Ngoma za Nuu: Mjadala Juu ya Albamu ya Carolina

Wapenzi wa muziki katika Ukambani wana mahaba mawili ambayo mtu wa mbali huyadhani kuwa hayapatani: la kwanza ni benga la kwao, lenye gitaa zinazofukuzana mpaka mchezaji akalowa jasho, na la pili ni muziki wa mashamba ya Marekani, ambao Wakenya huuita kantri, ulioingia nchini kwa sahani za santuri na kwa redio tangu zama za ukoloni, ukakaa majumbani kama mgeni aliyepewa chumba hata ikasahauliwa kuwa ni mgeni. Nuu, mji mdogo wa soko ulioko mashariki ya Mwingi, chini ya vilima vyake vikavu, nayo ina wapenzi wa pande zote mbili. Kwa kuwa nimepata kuisikiliza albamu moja mpya ya asili hiyo ya Marekani, na kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba ina neno zaidi kwa watu wa Nuu kuliko kwa watu wengi wa Nairobi, nimeona vema kuipitisha mbele ya sauti tatu za namna ambazo mtu huzikuta sokoni hapo: sauti ya mwalimu mstaafu, sauti ya kijana mpiga gitaa, na sauti ya mama mkubwa ambaye, kwa heshima ya Ukambani, tutamwita Mwaitu. Maneno nimeyatunga mimi. Mashaka ni ya kweli, nami nimeyasikia mara nyingi.

MWANDISHI: Waungwana, albamu ninayoileta mbele yenu ilitoka mwezi wa Aprili mwaka 2025, nayo jina lake ni What Did the Blackbird Say to the Crow. Wenyewe ni wawili, Rhiannon Giddens apigaye banjo, na Justin Robinson apigaye fidla, wote wenyeji wa jimbo la North Carolina, wote watu weusi. Nyimbo zake ni 18, na nyingi katika hizo hazina maneno. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa Greensboro, akasomea uimbaji wa opera katika chuo cha Oberlin, na aghalabu mtu aliyefundishwa hivyo hayarudii mambo ya shamba. Lakini yeye aliyarudia. Mwaka 2005, yeye na Robinson na mwenzao Dom Flemons walianzisha kundi lililoitwa Carolina Chocolate Drops, wakawa wakienda nyumbani kwa mzee Joe Thompson katika mji wa Mebane, wakiketi mbele yake na vyombo vyao, wakifunzwa nyimbo alizorithi kwa jamaa zake. Mzee huyo alizaliwa mwaka 1918, akafariki mwaka 2012, na alikuwa miongoni mwa watu weusi wa mwisho kabisa katika nchi ile walioipokea fidla ya ngoma za kijijini mkono kwa mkono kutoka kwa wazee wao. Baadaye kundi lilitawanyika, kila mtu akashika njia yake. Albamu hii ni marejeo ya wawili kati yao kwa mwalimu mmoja, naye hayupo.

MWALIMU: Bwana Mwandishi, nakustahi, lakini utaniwia radhi nikisema kwamba umetupa jina la kantri juu ya kitu kisichostahili. Mimi nimelelewa na sauti ya Jim Reeves. Tangu alipokufa katika ajali ya ndege karibu na Nashville mwaka 1964, sijaona aliyemshinda kwa upole wa sauti na usafi wa matamshi. Na katika siku zangu za ualimu nimewafundisha watoto Kiingereza kwa nyimbo zake, kwa sababu kila neno lilisikika kama lilivyoandikwa ubaoni. Kisha akaja Don Williams, mtu asiyepaza sauti, ambaye mimi na mke wangu tumezeeka naye. Hiyo ndiyo kantri. Banjo, kwa kadiri ya maarifa yangu, ni chombo cha Wazungu wa milimani, cha kelele na kasi, na sioni kwa nini watu weusi wajisumbue kukiazima.

MWANDISHI: Mwalimu, hapo ndipo nilipotaka tufike, maana neno hilo la kuazima limepinduliwa. Banjo haikuzaliwa katika milima ya Wazungu. Ilitengenezwa na watumwa katika visiwa vya Karibi, kwa kumbukumbu ya vyombo vya kwao Afrika ya Magharibi. Mganga mmoja, Hans Sloane, aliviona vyombo hivyo vya watumwa huko Jamaika katika miaka ya 1680, na picha yake ikachapwa mwaka 1707, ikionyesha kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa mpini na nyuzi. Hata leo Wajola wa Senegal na Gambia wanacho chombo kiitwacho akonting, chenye kibuyu na ngozi na uzi mmoja mfupi upigwao kwa kidole gumba, na uzi huo mfupi ndio alama ya banjo mpaka sasa. Kwa muda wa zaidi ya karne moja chombo hicho kilikuwa cha watu weusi peke yao. Wazungu walijifunza kwao. Kisha, kuanzia miaka ya 1830 na 1840, wakatokea wachekeshaji wa Kizungu waliojipaka masizi usoni, wakapanda majukwaani na banjo mkononi kuwadhihaki wale wale waliokibuni. Dhihaka hiyo ilidumu miaka mingi. Basi wajukuu wa wabunifu wakaanza kuona haya kushika chombo cha babu zao, na wengi wakakitupa.

MWALIMU: Hilo sikupata kulisoma.

MWANDISHI: Na hukulisoma kwa sababu santuri nazo zilisaidia kulificha. Katika miaka ya 1920, kampuni zilipokwenda kusini mwa Marekani kurekodi watu wa mashamba, zilitengeneza orodha mbili za biashara: moja ya weusi, ambao walitakiwa waimbe blues, na moja ya Wazungu, ambao walitakiwa wapige fidla na banjo. Mweusi aliyefika na fidla alikuwa hana orodha ya kuingia. Hivyo sahani zilizovuka bahari mpaka Mombasa na kupanda kwa reli hadi bara zilikuja na nusu ya habari. Wewe mwenyewe unampenda Charley Pride. Nawe wajua kwamba sahani zake za kwanza, katika mwaka 1966, zilipelekwa kwa watangazaji wa redio bila ya picha, ili wasitambue rangi ya ngozi yake kabla ya kuipenda sauti yake. Naye DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, akaondolewa mwaka 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu. Sikuombi umwache Jim Reeves. Nakuomba uusikie upande wa nyumba ambao mlango wake ulifungwa wewe ukiwa sebuleni.

KIJANA: Wazee wangu, naomba nafasi. Mimi sina ugomvi na historia, na dhuluma ni dhuluma popote. Lakini mtu hanunui bando ili asikilize dhuluma. Nimeisikiliza hiyo albamu, Mwandishi ulinipa mwenyewe. Hakuna ngoma, hakuna besi. Fidla na banjo zinarudia jambo moja tena na tena, na nyuma yake kuna wadudu wanalia. Mimi napiga harusini na katika harambee, huku Nuu na Nguni na mpaka Mwingi mjini; nikileta wimbo wa namna hii watu watarudi vitini. Sisi tunaye Ken wa Maria, tunaye Maima, na kabla yao alikuwapo Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, ambaye alikufa kijana mwaka 1987, lakini gitaa lake likipigwa hata leo mtu aliyebeba mtungi huutua. Kwa nini nisiwapendekeze hao?

MWANDISHI: Wapendekeze, nami nitaitikia. Ila umesema kwamba zinarudia jambo moja, na hapo nakuomba tusimame, maana wewe ni mpiga gitaa na vidole vyako vitanielewa upesi kuliko masikio ya Mwalimu. Chukua wimbo uitwao Hook and Line. Sikiliza mkono wa kuume wa Giddens. Hachomoi nyuzi kwa kuzivuta juu kama ufanyavyo wewe. Anashuka juu yake kwa kucha, mkono ukiwa umekunjwa, na kila anaposhuka kidole gumba kinabaki nyuma kwenye ule uzi mfupi, halafu kinauachia katikati ya pigo moja na jingine. Kwa hiyo mkono mmoja unafanya kazi mbili, wimbo na ngoma kwa pamoja, na ule uzi mfupi haubadiliki sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulipolalamika kwamba hakuna ngoma, ngoma ilikuwa ndani ya banjo. Sasa iweke fidla ya Robinson juu yake, uone kwamba haitangulii wala haifuati. Zinakwenda bega kwa bega, na katika kila marudio kuna kijambo kimoja kilichosogezwa: nukta iliyocheleweshwa, uta uliokazwa mahali ambapo mwanzo ulilegezwa. Muziki huu ulikuwa wa kuchezesha watu usiku kucha katika nyumba za mashamba baada ya mavuno, na mpigaji hakuwa na la kumpa mchezaji ila kudumu. Je, katika benga, pale gitaa la pili linaposhika kifungu kimoja kwa dakika nyingi bila kukiacha, wewe huiti hiyo kazi?

KIJANA: Naiita kazi, na ni ngumu kuliko kuongoza.

MWANDISHI: Tena banjo ya bibi huyu umekwisha kuicheza bila kujua. Ule wimbo wa Beyoncé uitwao Texas Hold 'Em, uliotoka Februari 2024 na kupigwa kila mahali, unaoanza na mkwaruzo wa banjo, mkono ni wake Giddens.

KIJANA: Huo niliupiga harusini. Watu hawakurudi vitini.

MWAITU: Nimewasikiliza, na sasa niacheni niulize yangu, maana ninyi mnashindana juu ya vidole na mimi nataka kujua habari za watu. Huyo mzee Thompson aliyewafunza, walimfanyia nini? Maana hapa kwetu wamekuja wengi, tangu wakati wa baba yangu, wakiwa na mashine zao, wakawaambia wazee waimbe, wakashukuru, wakaondoka, na nyimbo zikaondoka nao.

MWANDISHI: Mwaitu, swali hilo ndilo lililonifanya niipende albamu hii kuliko nyingine zote za bibi huyo, ingawa anazo zenye sifa kubwa zaidi, na ingawa opera yake iitwayo Omar, aliyoitunga pamoja na Michael Abels juu ya Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu wa Afrika ya Magharibi aliyetiwa utumwani Carolina na akaandika habari za maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831, ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2023. Walipokuwa vijana walimsindikiza mzee majukwaani, wakalitaja jina lake kila walikokwenda, hata walipopata tuzo ya Grammy kwa albamu yao ya mwaka 2010. Na safari hii hawakuingia katika chumba cha mjini chenye kuta za kuzuia sauti. Walitoka nje. Walipiga nyimbo nyumbani kwake Thompson. Wakapiga nyumbani kwake Etta Baker, bibi mpiga gitaa aliyeishi tangu 1913 hadi 2006, ambaye wimbo wake Marching Jaybird umo katika albamu. Na wakapiga mbele ya nyumba kuu ya shamba la zamani la watumwa. Ule mlio wa wadudu aliousema kijana ni nyenje. Mwaka 2024, katika sehemu zile, walitoka ardhini nyenje wakaao chini ya udongo miaka 13, na mwaka huo huo, katika majimbo mengine, wakatoka wale wa miaka 17, jambo ambalo makundi hayo mawili hayakuwa yamelifanya pamoja tangu mwaka 1803. Mafundi wengi wangengoja wanyamaze. Hawa waliwaacha walie, kwa kuwa Thompson naye alipokuwa akipiga barazani hakuwanyamazisha.

MWAITU: Nimeridhika kidogo. Wa kwanza katika hizo nyimbo ni upi?

MWANDISHI: Unaitwa Rain Crow. Ni jina ambalo watu wa mashamba ya huko wamempa ndege mmoja, ambaye husemwa kwamba akilia mvua i karibu.

MWAITU: Kwetu yuko pia ndege wa namna hiyo, naye akilia kabla ya Novemba wanawake huanza kutazama mbegu za ndengu. Huo nitausikiliza.

MWALIMU: Mmenikumbusha jambo. Mwaka 1950, Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, akawakuta wasichana wakiimba kwa kinubi juu ya mtu waliyemwita Chemirocha. Alikuwa ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huko. Nao wasichana, kwa kuwa hawakupata kumwona, walimfikiria kuwa nusu mtu na nusu mnyama wa porini. Nimekuwa nikiisimulia darasani kwa kucheka. Leo naona kwamba wale wasichana walifanya lile ambalo mimi sikulifanya: waliipokea santuri ya mgeni wakaitia katika kinubi chao. Mimi niliipokea, nikaacha vya kwetu nje.

MWAITU: Wewe hukuacha tu, Mwalimu. Ulitufukuza.

MWALIMU: Mama, shule ilikuwa ya misheni, na amri haikuwa yangu.

MWAITU: Amri haikuwa yako, lakini kiboko kilikuwa chako. Sisemi kwa hasira, hasira imekwisha. Nasema kwa kuwa huyu Mwandishi amezungumza juu ya watu walioona haya kushika chombo cha babu zao, na mimi nimewaona. Mama yangu alikuwa katika kilumi, ngoma ile ya wanawake ya kuombea. Nilipokuwa mtoto, mvua ikichelewa, wanawake wazima walikuwa wakipiga ngoma zile ndefu mpaka kukicha, na roho za wazee zikiitwa kwa majina. Kisha wakabatizwa, mmoja mmoja, na ngoma zikawekwa darini. Binti zao wanaona haya kusema kwamba mama zao walicheza. Hao wa Carolina walichekwa na watu waliojipaka masizi. Sisi tuliambiwa kwamba tunamwita shetani. Ni njia mbili, lakini ngoma zimenyamaza kote kuwili.

KIJANA: Basi Susu, bibi yangu, mimi ninayo simu na kinasa sauti. Nije nirekodi kilumi kama hao walivyofanya, nje, pamoja na ndege na mbuzi, tukitie katika benga, kipigwe redioni, Musyi FM.

MWAITU: La, mjukuu wangu. Ziko ngoma za kuchezea na ziko ngoma za kuombea, na hukuuliza ni ipi.

MWANDISHI: Niingie hapa, kwa kuwa nisipoingia nitakuwa nimelipendekeza jambo na kuacha hatari yake. Albamu hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kunasa kila kitu. Nyimbo zilizomo ni za kuchezea: za harusi, za mavuno, za mkesha wa Jumamosi, Thompson alizipiga ili watu wacheze, na alipenda zifundishwe. Aliyezirithi hakuiba siri. Kilumi ni jambo jingine, na mwenye haki ya kusema ni wale ambao dada na mama zao walikuwamo. Lakini, Mwaitu, naomba nami unistahimilie, kwa maana Thompson alikuwa na bahati kwamba vijana watatu walifika akiwa hai, mkono wake ukiwa bado unaweza kushika uta. Wangechelewa miaka saba, wasingemkuta. Sisemi kilumi kipelekwe redioni. Nasema kwamba kati ya kukipeleka redioni na kukiacha kife darini iko nafasi ya mtu kuketi na kufundishwa, bila mashine yoyote, na kama wao walivyofanya kwanza: miaka ya kwenda na kurudi nyumbani kwa mzee, na albamu ya namna hii ikaja miaka 20 baadaye. Kijana wetu ametaka kuanza na mwisho.

MWALIMU: Na wewe Mwandishi, bado unataka nimsikilize bibi huyu badala ya Jim Reeves Jumapili jioni?

MWANDISHI: Si badala yake. Baada yake, Mwalimu, na nje ya nyumba, wakati jua limeshuka nyuma ya vilima na nyenje wetu wameanza. Anza na Marching Jaybird, kwa sababu gitaa la Etta Baker lilikuwa la upole na wewe ni mpenzi wa upole. Usianze na zile za kasi. Kijana aanze na Hook and Line, tena airudie mpaka kidole gumba chake kielewe. Sitaki mseme kwamba ni muziki bora kuliko wenu. Nataka tu masikio yaliyoipenda kantri kwa miaka yote hii yapate kusikia ni nani walioipanda.

KIJANA: Mimi nitasikiliza tena, nawaahidi. Ila Susu hajanijibu. Nikija bila mashine, nikakaa kama hao walivyokaa, nianze kwa nani?

MWAITU: Usianze kwangu, mimi nilikuwa mtazamaji tu. Anza kwa yule mzee wa kuwamba ngozi kule ng'ambo ya mto, kwa kuwa macho yake yanaelekea kwisha na hakuna mwingine katika kata hii ajuaye kuikaza ngoma ndefu. Mpelekee sukari na majani ya chai. Usimtajie redio. Mwombe akufundishe kuwamba kwanza, na akikubali, ndipo uje uniulize habari za kupiga, nami nitawauliza wanawake waliobaki kama wanataka.